Uzi: Linki ziko nusu tupu lakini ombi la lamda linakataliwa. Tujadili mgao wa mawimbi kwenye faiba

Mchoramkongo (mwanzisha uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Kuna swali linarudi kila ninapokaa na watu wa mipango ya mtandao: "Linki zote ziko chini ya asilimia 60, iweje ombi la lamda mpya likataliwe?" Lawama huangukia programu ya kupangia, na programu haina kosa. Tunahesabu nafasi kwa linki moja moja, yaani kipande cha faiba kati ya kituo na kituo, wakati lamda inadai nafasi ile ile kwenye kila linki inayopita. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: asilimia ya matumizi ya linki haikuambii mtandao una nafasi kiasi gani. Namna ulivyogawa lamda za mwanzo ndiyo inayoamua kama za mwisho zitapita.

Kwa wageni wa mada, kwa ufupi. Unywele mmoja wa faiba hubeba mianga mingi kwa pamoja, kila mmoja na urefu wake wa wimbi, na huo ndio tunaouita lamda. Kazi kubwa ya masafa marefu hufanyika kwenye bendi ya C, kati ya nm (nanomita) 1530 na 1565, kwa sababu mbili: hapo kioo kinapoteza mwanga kidogo sana, kama dB 0.2 kwa kilomita, na hapo ndipo amplifaya za erbiamu zinapokuza mwanga vizuri. Ili vifaa vya watengenezaji mbalimbali vielewane, ITU-T, chombo cha kimataifa cha viwango vya mawasiliano, iliweka gridi katika pendekezo lake G.694.1. Nanga ya gridi ni frikwensi ya 193.1 THz, yaani urefu wa wimbi wa nm 1552.52, na kutoka hapo unapanda au kushuka kwa hatua za GHz 100, 50, 25 au 12.5. Hatua ya GHz 50 ni karibu nm 0.4. Ukiwa na upana wa THz 4.8 kwa hatua hiyo, unapata lamda 96.

Masharti ya kugawa ni mawili. Kwanza, ishara mbili haziwezi kutumia lamda moja kwenye unywele mmoja. Pili, njia ya mwanga inashika lamda ile ile kutoka inakoingia hadi inakotokea, isipokuwa kama katikati kuna kifaa cha kuibadilisha. La kwanza kila mtu analikumbuka. La pili ndilo linaloumiza.

Tazameni mfano huu. Vituo vitatu, A, B na C, vimepangwa mstari mmoja. Kila linki ina lamda nne tu. Kati ya A na B tayari kuna huduma mbili, fundi akazipa lamda 1 na 2. Kati ya B na C nako kuna huduma mbili, fundi mwingine akazipa 3 na 4. Kila linki iko nusu tupu. Sasa inakuja huduma ya A kwenda C. Linki ya kwanza ina 3 na 4 wazi, ya pili ina 1 na 2 wazi. Hakuna lamda hata moja iliyo wazi kote kuwili, ombi linakufa hapo. Kama yule fundi wa pili naye angetumia 1 na 2, lamda 3 na 4 zingebaki wazi toka A hadi C na huduma mbili zingepita bila shida. Vifaa ni vile vile, wateja ni wale wale, kilichobadilika ni namba zilizoandikwa siku ya kwanza.

Karibuni. Naomba wenye hesabu na wenye uzoefu wa amplifaya wasikae pembeni.

KijanaTransponda

Nimeweka kambi mkuu. Swali langu: hapo B si ungebadilisha tu? Ishara iingie na lamda 3 itoke na lamda 1. Tatizo liko wapi?

Mchoramkongo

Swali zuri kijana. Inawezekana, ila tazama unalipa nini.

Njia inayotumika kweli kazini ni kuteremsha mwanga B, kuugeuza kuwa umeme, kisha kuurusha upya kwa lamda nyingine. Maana yake transponda mbili (vifaa vya kugeuza mwanga kuwa umeme na umeme kuwa mwanga) zinakaa mgongo kwa mgongo pale B, zikila nafasi kwenye raki na umeme, na kila moja ni kitu kingine cha kuharibika. Vigeuzi vya mwanga kwa mwanga, visivyopitia umeme, vimechunguzwa kwa miaka mingi maabara lakini havijaenea kwenye mitandao ya kibiashara.

Lakini kuna hali moja ambapo kubadilisha ni bure kabisa. Njia ikiwa ndefu mno, ishara huchoka: kelele za amplifaya zinajilimbikiza mpaka kipokezi hakisomi tena. Hapo hulazimiki kufikiri mara mbili, lazima uifufue katikati. Sasa kama transponda mbili tayari zinakaa pale kwa ajili ya kufufua, hakuna anayekulazimisha kutoka na lamda uliyoingia nayo. Kwa hiyo mtu wa mipango anayejua kazi huchagua kituo cha kufufulia kwa macho mawili: umbali, na pale ambapo lamda zimebanana. Watu wengi huangalia umbali tu.

Bi Hesabu

Hamjambo. Ngoja niweke namba kwenye hoja ya Mchoramkongo maana inastahili.

Mwaka 1996 watafiti Barry na Humblet walichapisha makadirio rahisi ambayo unaweza kuyafanya kwa kikokotoo. Chukulia kila lamda kwenye kila linki ina uwezekano ρ wa kuwa imeshikwa, na linki hazitegemeani. Njia ina linki H, na kila linki ina lamda F. Lamda moja kuwa wazi kwenye linki zote ni (1 − ρ)^H. Ombi linakataliwa pale tu lamda zote F zinapokosa sifa hiyo, yaani:

[1 − (1 − ρ)^H]^F

Sasa weka ρ = 0.5, linki nusu tupu kama malalamiko yanavyosema, na F = 80.

Njia ya linki 2: uwezekano wa kukataliwa haufiki hata moja kwa bilioni.
Njia ya linki 5: karibu asilimia 8.
Njia ya linki 8: karibu asilimia 73.

Rudieni mstari wa mwisho. Mtandao ule ule, nusu tupu ile ile, lamda 80, na maombi karibu matatu kati ya manne ya njia ndefu yanarudi mikono mitupu. Ukiweka vigeuzi kila kituo, ombi linakataliwa pale tu linki fulani inapojaa kabisa, na kwa ρ hiyo uwezekano ni 0.5^80 kwa kila linki. Hutaishuhudia.

Ndiyo maana mtandao uleule unaweza kuwapa wateja wa karibu huduma siku hiyo hiyo na kuwanyima wa mbali kwa miezi. Adhabu yote inawaangukia wa njia ndefu.

NyuziTano

Dada Bi Hesabu, nakubaliana na mwelekeo lakini dhana ya kwamba linki hazitegemeani ni kali mno. Lamda zilizoshikwa A–B nyingi zinaendelea B–C kwa sababu ni huduma zile zile zinapita. Kwa hiyo zilizo wazi nazo huwa zinafanana kutoka linki hadi linki.

Bi Hesabu

Sahihi kabisa. Ni makadirio ya upande mbaya. Ukiwa na huduma nyingi ndefu zinazosafiri pamoja, hali halisi ni nafuu kuliko hiyo 73. Ukiwa na huduma nyingi fupi fupi zilizogawanywa bila mpango, unaisogelea. Faida ya fomula ni kukuonyesha kwamba H iko kwenye kipeo, na linki chache tu zikiongezeka, uwezekano wa kukataliwa unapanda kwa kasi.

Mchoramkongo

Na hapo ndipo kanuni ya mgao inapoingia, kwa sababu ρ huwezi kuichagua, wateja ndio wanaoileta. Unachoweza kuchagua ni jinsi lamda zilizoshikwa zinavyokaa.

Kuna kanuni nne ambazo utazikuta kila mahali. Ya kwanza ni namba ndogo kwanza: unapanga lamda 1, 2, 3 na kuendelea, kila ombi linapewa ya kwanza iliyo wazi njia nzima. Ya pili, kuchagua kwa bahati kati ya zilizo wazi. Ya tatu, kuchagua inayotumika sana kwenye mtandao mzima. Ya nne, kuchagua inayotumika kidogo kuliko zote, kwa nia ya "kusambaza mzigo".

Hiyo ya nne nawaomba muiache. Inasikika vizuri, mtu anadhani anatenda haki kwa lamda zote, lakini inafanya vibaya kuliko hata kuchagua kwa bahati. Kila huduma fupi inakwenda kukaa kwenye lamda safi na kuiharibu kwa njia ndefu zitakazokuja. Baada ya muda hakuna lamda isiyo na doa mahali fulani.

Namba ndogo kwanza inafanya kinyume chake: inazibana huduma fupi chini, na namba za juu zinabaki safi toka mwisho mmoja hadi mwingine. Kuchagua inayotumika sana kuna ubora kidogo zaidi, ila inakudai ujue hali ya mtandao mzima kila ombi linapokuja. Namba ndogo kwanza fundi anaifanya kwa jedwali la kawaida. Kwa tofauti ndogo iliyopo, mimi naitumia hiyo na sina majuto.

Fundi Splaisi

Mkuu mimi ni mtu wa mtaroni na kwenye chemba, naunganisha nyuzi, sikuwahi kupanga lamda. Naomba kueleweshwa jambo moja. Kama kompyuta zipo, si uiambie tu itafute mgao bora kuliko wote na mambo yaishe?

Bi Hesabu

Kaka Fundi, umegusa penyewe. Chukua kila njia ya mwanga uichore kama nukta. Njia mbili zikipita kwenye unywele mmoja, ziunganishe kwa mstari. Sasa paka rangi nukta zote kwa sharti kwamba zilizounganishwa zisifanane. Rangi ndizo lamda. Hilo ni tatizo kongwe la hisabati la kupaka rangi grafu, na mwaka 1992 Chlamtac, Ganz na Karmi walionyesha kwamba kugawa lamda kwa idadi ndogo kuliko zote ni tatizo la kundi la NP-kamili, yaani yale ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyatatua kikamilifu. Kwa mtandao mdogo kompyuta italitatua kikamilifu. Mtandao ukikua, muda wa kutafuta jibu bora hasa unaweza kukua kupita uvumilivu wa mtu yeyote, kwa hiyo programu zinatumia kanuni za kukadiria. Moja inayofanya vizuri kwa urahisi wake ni kupanga njia ndefu kwanza, fupi zikaziba mapengo.

Umbo la mtandao nalo lina neno. Vituo vikiwa mstari mmoja ulionyooka, mambo ni mepesi: panga maombi kwa kituo yanakoanzia kutoka kushoto, gawa namba ndogo kwanza, na utatumia lamda sawasawa na idadi ya huduma kwenye linki yenye msongamano mkubwa. Huwezi kupata pungufu ya hapo. Ukifunga mstari huo uwe duara, raha inaisha.

NyuziTano

Naongezea mfano wa duara maana wengi hawauamini mpaka wauchore. Chukueni karatasi.

Vituo vitatu A, B, C kwenye duara, linki tatu: AB, BC, CA. Huduma tatu. Ya kwanza inatoka A kwenda C ikipitia B, inatumia AB na BC. Ya pili inatoka B kwenda A ikipitia C, inatumia BC na CA. Ya tatu inatoka C kwenda B ikipitia A, inatumia CA na AB. Hesabu kila linki: zote zina huduma mbili, hakuna yenye tatu. Ungetegemea lamda mbili zitoshe. Lakini kila jozi ya huduma inakutana kwenye linki fulani, kwa hiyo zote tatu lazima ziwe na lamda tofauti. Msongamano 2, lamda 3. Mwanahisabati Tucker alionyesha mwaka 1975 kwamba kwenye duara hutahitaji zaidi ya 2L − 1, L ikiwa msongamano mkubwa, na mfano huu unafika hapo hapo.

KijanaTransponda

Lakini mkuu NyuziTano, nani anapitisha A kwenda C kwa kuzunguka B wakati linki ya CA ipo? Kila huduma ikichukua njia fupi, kila linki inabeba moja tu na lamda moja inatosha mtandao mzima.

Mchoramkongo

Kijana umeona vizuri sana, na hilo ndilo fundisho la mfano wenyewe: njia na lamda havipangwi na watu wawili wasioongea. Ukichagua njia vibaya, hakuna ujanja wa kugawa utakaokuokoa. Toka lamda tatu hadi moja, kwa kubadilisha njia tu.

Ila usidhani kuzunguka ni jambo la karatasini pekee. Huduma muhimu hulindwa kwa njia mbili, moja ya kazi na nyingine ya akiba, na kwenye duara njia ya akiba ni ile ndefu ya upande wa pili. Kwa hiyo huduma moja iliyolindwa namna hiyo inazunguka duara lote. Huduma zako tatu zikilindwa, kila linki inabeba tatu, na unahitaji lamda tatu, moja kwa kila huduma, ikishikwa duara zima. Wengi huweka lamda ile ile pande zote mbili kwa makusudi, ili transponda moja itoshe na swichi ya mwanga ndiyo ichague upande. Kwenye duara la lamda 96, huduma 96 zilizolindwa hivyo zinaumaliza mkongo wote, hata kama kila moja inaunganisha vituo jirani tu. Mtu asiyejua hilo atashangaa duara limejaaje.

Mzee wa Amplifaya

Nimewasoma kimya kimya tangu juu. Mmesema vizuri lakini mnazungumza kana kwamba lamda ni namba kwenye jedwali. Lamda ni mwanga ndani ya kioo, na kioo kina tabia zake. Hii kanuni ya namba ndogo kwanza inazibananisha lamda upande mmoja wa bendi, bega kwa bega, na mwanga uliobanana husumbuana.

Mfano ulio bayana ni faiba ya G.653, aina mojawapo ya faiba katika viwango vya ITU-T. Iliundwa ili mtawanyiko wa rangi, yaani lamda kupishana kasi ndani ya kioo, uwe sifuri karibu na nm 1550, ikaonekana ni neema kwa lamda moja yenye kasi. Zilipokuja lamda nyingi, neema ikageuka balaa. Mtawanyiko ukiwa sifuri, lamda zinasafiri sambamba kwa muda mrefu na kuzaa mianga mipya. Chukua frikwensi tatu zinazopishana kwa hatua sawa: 193.1, 193.2 na 193.3 THz. Mara mbili ya 193.2 ukitoa 193.1 ni 193.3. Mwanga mpya uliozaliwa unaangukia juu ya huduma ya tatu kabisa, na hakuna kichujio cha kuutoa kwa sababu frikwensi ni ile ile. Kwenye G.652, faiba ya kawaida, yenye mtawanyiko wa kama ps 17 kwa nm kwa km, lamda zinapishana haraka na mchanganyiko huo haupati muda wa kukua.

Kwa hiyo kwenye G.653 gridi yenyewe iliyonyooka ni adui. Miaka ya 1990 watafiti walipendekeza kuweka lamda kwa nafasi zisizolingana. Mfano nafasi 0, 1, 4 na 6: tofauti za kila jozi ni 1, 2, 3, 4, 5 na 6, hakuna inayojirudia, kwa hiyo mianga inayozaliwa haiangukii juu ya yeyote kati ya wanne. Gharama yake muione: huduma nne zimekula nafasi saba. Wengine walihamia bendi ya L, kuanzia nm 1565 kwenda juu, ambako hata G.653 ina mtawanyiko wa kutosha.

Mchoramkongo

Shikamoo mzee. Nakubali lote kuhusu G.653, na yeyote mwenye faiba hiyo ardhini aisome mara mbili kabla ya kufuata kanuni yangu.

Ila kwa G.652 na vipokezi vya kisasa nitabaki na msimamo. Ndiyo, majirani wanasumbuana, lakini mtandao lazima usanifiwe tangu siku ya kwanza kwa hali ya kujaa, lamda zote zikiwaka. Kama njia haipiti ukaguzi wa ubora ikiwa na majirani, basi siku mtandao utakapojaa itakufa, hata ukiipa uwanja mpana leo. Kuzitawanya lamda ili zipumue kunakupa miaka michache ya ubora mzuri, kisha kunakuachia mtandao uliotobokatoboka. Kwangu hiyo ni biashara mbaya.

Mzee wa Amplifaya

Marahaba. Kwa usanifu wa kujaa nakuunga mkono. Ongeza basi na hili: amplifaya haipendi mshtuko. Kebo ikikatika sehemu na nusu ya lamda zikapotea ghafla, zilizobaki zinapata nguvu ya ziada kwa kitambo. Mikongo ya baharini huzijaza nafasi zisizo na wateja kwa kelele za mwanga zilizochujwa ili jumla ya nguvu isibadilike, kisha huduma inapokuja inaondoa kelele na kukaa mahali pake. Kwa mpango huo haijalishi sana unaanzia kona ipi ya bendi.

Fundi Splaisi

Je, hii faiba inayoingia majumbani nayo ina mgao wa namna hii? Huwa naona unywele mmoja tu unaingia na mtu anapakua na kupakia kwa pamoja.

NyuziTano

Upo, ila umeshagawanywa na kiwango, fundi hachagui. GPON, mfumo wa faiba za majumbani, inashusha kwa nm 1490 na kupandisha kwa nm 1310, ndiyo maana unywele mmoja unatosha pande zote mbili. XGS-PON, mfumo mpya zaidi wenye kasi kubwa, inashusha kwa nm 1577 na kupandisha kwa nm 1270. Kwa kuwa namba hazigongani, mitambo yote miwili inaweza kukaa kwenye faiba moja na spliti moja (kigawanyio cha mwanga kwenda kwa wateja), wateja wakahamishwa kidogo kidogo. Huo nao ni mgao uliofikiriwa na mtu mapema, na matunda yake yanaonekana.

KijanaTransponda

Wakuu turudi kwenye mkongo mkuu. Kwetu sasa hivi transponda mpya zinakuja, za 400G (gigabiti 400 kwa sekunde), na zinataka upana wa GHz 75. Gridi yetu ni ya 50. Kanuni ya namba ndogo kwanza bado inasimama?

Mchoramkongo

Inasimama lakini inahitaji uzio.

Kwanza uwe na vifaa vya gridi inayonyumbulika, ambayo nayo imo ndani ya G.694.1. Humo upana unatengwa kwa vipande vya GHz 12.5, na kitovu cha huduma kinasogea kwa hatua za GHz 6.25. Huduma yako ya GHz 75 ni vipande sita. Hapa sharti la tatu linazaliwa: vipande hivyo lazima vishikane. THz 4.8 inabeba huduma 64 za GHz 75 au 96 za GHz 50, lakini ukizichanganya ovyo hutafika kokote karibu na hesabu hiyo. Huduma ya GHz 50 ikiondoka inaacha pengo la GHz 50. Mapengo mawili ya namna hiyo yaliyotengana ni GHz 100 kwenye ripoti, na huduma yako ya 75 haiingii kwenye hata moja. Ripoti itasema nafasi ipo.

Kwa hiyo gawanyeni bendi. Za GHz 50 zianzie chini kwenda juu, za 75 zianzie juu kwenda chini, zikutane zitakapokutana. Hakuna haja ya kuchora mpaka wa kudumu katikati. Na huduma ya 50 ikifa ndani ya eneo lake, pengo lake lizibwe na 50 nyingine kabla ya kitu kingine chochote.

KijanaTransponda

Asante sana mkuu. Tatizo letu sisi tumerithi mtandao uliogawanywa bila kanuni yoyote, kila fundi na lamda yake. Na hatuwezi kuzima huduma za watu. Tuanzie wapi?

Mchoramkongo

Msianze kwa kuhamisha. Anzeni kwa kuchora jedwali: safu za kulala ni lamda, safu za kusimama ni linki, na kila kisanduku kiandikwe huduma iliyomo. Kama rekodi haziaminiki, jazeni kwa kusoma vifaa vyenyewe, msijaze kwa kumbukumbu za watu.

Kisha chukueni njia ndefu tatu au nne ambazo mnajua maombi yatakuja. Kwa kila moja, pitieni lamda zote mkitafuta zile zilizoharibiwa na huduma moja tu, hasa huduma fupi ya linki moja. Hizo ndizo za kuhamisha kwanza. Mara nyingi mnakuta kahuduma kamoja ka linki moja kamekalia lamda 41, na kukahamishia lamda 6 ambayo tayari imechafuka kunafungua 41 kwa njia nzima ya linki nane. Mkimaliza kundi hilo simameni, pimeni tena. Msitafute jedwali zuri la kupendeza macho, kila uhamisho ni hatari kwa mteja na lazima ujilipe.

Kuhamisha kwenyewe: kama mnayo transponda ya akiba, washeni huduma kwenye lamda mpya kwanza, pimeni makosa, hamisheni trafiki, ndipo mzime ya zamani. Kama huduma ina njia ya akiba, ielekezeni huko wakati mnabadilisha ya kazi. Isiyo na akiba wala transponda ya ziada, omba muda wa matengenezo kwa mteja, hakuna njia ya mkato.

Fundi Splaisi

Na huku kwenye raki kuna kitu cha kuangalia? Maana mwisho wa siku sisi ndio tunaoitwa.

Mchoramkongo

Kipo, na asante kwa kukumbusha. Transponda za sasa zinaweza kubadilisha lamda kwa amri ya programu tu. Lakini kama kifaa cha kuunganisha lamda kituoni ni cha zamani chenye vichujio visivyobadilika, kila tundu linapitisha lamda moja pekee. Ukibadilisha transponda kwenda lamda 6 huku pachikodi yake (waya mfupi wa faiba) imechomekwa kwenye tundu la 41, mwanga unaishia kwenye kichujio. Hapo lazima mtu awe kituoni pande zote mbili za njia, ahamishe pachikodi, asafishe konekta na kupima nguvu upya. Kama matundu yanapokea lamda yoyote, kazi yote inafanyika ofisini. KijanaTransponda, kabla hujapanga tarehe, mtume Fundi akaangalie vituo vyenu vina matundu ya aina gani, kisha ongeza safu ya kusimama moja kwenye lile jedwali uandike majibu yake.

KijanaTransponda

Tunaanza na vituo vya njia ndefu wiki ijayo. Nitaleta jedwali hapa, majina ya wateja nikiyafuta, mlipitie.

Bi Hesabu

Lilete. Ukiweka na orodha ya maombi mnayoyatarajia nitajaribu kulipaka rangi upya, tuone ni uhamisho upi mchache unaofungua njia nyingi.